Bolex H16 Reflex: kamera ya ufunguo iliyokwenda vitani

Kamera hii ya sinema haina betri. Ubavuni ina mkono wa chuma unaozungushwa kama unavyotia ufunguo saa ya ukutani. Ukiujaza mpaka ugome, springi iliyo ndani inavuta filamu kwa sekunde 28 hivi kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, halafu inasimama. Karibu kila sifa na kila kero ya Bolex inaanzia hapo, na anayetaka kujua wapigapicha wa habari za vita walifanyaje kazi kabla ya video atajifunza mengi kwa kuishika siku moja.

Ilitengenezwa na kampuni ya Paillard huko Sainte-Croix, Uswisi. H16 ya kwanza ilitoka 1935. Ile ya Reflex, inayokuwezesha kuona kupitia lenzi yenyewe, ilikuja 1956. Hapa tunazungumzia toleo la Rex 5, ambayo juu ina tandiko la kubebea kasha la filamu la futi 400. Tandiko hilo kwa kazi ya vita halina faida: kasha likikaa juu, kamera inakuwa na masikio mawili makubwa yanayoonekana kutoka mbali, na springi haitoshi kuivuta filamu hiyo yote, hivyo unarudi kwenye mota na betri. Ukitaka Bolex kwa sababu iliyowafanya wanahabari waitake, tumia mikanda ya futi 100 inayoingia tumboni.

Hesabu za mkanda huo zikae kichwani. Futi moja ya filamu ya mm 16 ina picha 40, kwa hiyo futi 100 ni picha 4,000, yaani dakika 2 na sekunde 46 kwa picha 24 kwa sekunde. Ufunguo mmoja uliojaa unavuta karibu futi 16 na nusu. Mkanda mmoja basi unakula ufunguo mara sita. Mpigapicha wa habari aliyezoea alipiga vipande vya sekunde tano mpaka nane, na kati ya kipande na kipande mkono ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza ya kujenga: usisubiri springi iishe. Mwenye kujaza anapokumbuka tu ndiye ambaye kamera humfia mkononi lori linapolipuka.

Wanahabari wa miaka ya 1960 walikuwa na sababu nzuri ya kupenda chombo cha namna hii. Aden, Kongo na Biafra si mahali ulipoweza kutegemea umeme wa kuchajia. Mashirika ya picha za habari, hasa Visnews ya London, hayakuhitaji sauti kutoka kwenye kila tukio, kwa kuwa msomaji wa habari studioni alisoma maelezo juu ya picha. Filamu bubu ya mm 16 ilitosha, na mtu mmoja aliweza kuipiga peke yake. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix hapo 1963, aliinukia katika soko hilo: kijana wa kujitegemea, filamu ya mm 16, na ndege ya kwanza inayoondoka. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta mlangoni.

Tuje kwenye kupakia filamu, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi.

Tafuta kivuli. Mikanda ya futi 100 huja kwenye vigurudumu vya chuma vyenye kuta pana zinazozuia mwanga, na unaweza kupakia mchana, lakini "mchana" hapa haimaanishi jua la saa sita. Mwanga mkali hupenya kwenye mizunguko ya nje na kingo za filamu huungua. Kama hakuna mti wala ukuta, geuka ulipe jua mgongo na upakie chini ya koti au kanga. Fungua ubavu wa kamera. Kata ncha ya filamu kwa kisu kidogo kilichojengwa ndani ya kamera. Ncha iliyochanika kwa meno itakwama. Funga viongozi viwili vya kitanzi, yaani vipande vinavyoikunja filamu, kwa wenzo wake, sukuma ncha kwenye gurudumu la juu lenye meno, bonyeza kitufe, na kamera itaivuta filamu yenyewe: itaifanyia kitanzi juu ya dirisha la picha, itaipitisha mbele ya ukucha unaoivuta, itafanya kitanzi cha pili chini na kuitoa upande wa pili. Ncha iliyotoka ichomeke kwenye kigurudumu kitupu, zungusha mara mbili tatu ikaze.

Sasa hatua inayosahauliwa: fungua viongozi vya kitanzi. Visipofunguka, filamu inasugua juu yake na kuchubuka. Waliounda kamera waliliona hilo, ndiyo maana kifuniko kikifungwa sawasawa kinavifungua, ila usiwe mtu wa kutegemea kifuniko. Endesha sekunde mbili ukiwa bado unaona ndani. Vitanzi vyote viwili vibaki na umbo lake, visiguse kitu, na filamu iende bila kurukaruka. Funga, kisha endesha mpaka kihesabio cha futi kifike sifuri; hicho ni kipande kilichokwisha kuona mwanga. Mwishoni nako kuna kipande cha kuachia, kwa hiyo usipange picha yako kubwa iwe ndiyo ya mwisho kwenye mkanda.

Kitanzi kikipotea katikati ya kazi, sikio litajua kabla ya jicho. Mlio wa Bolex ni wa cherehani iliyotulia. Kitanzi kikienda unageuka kuwa wa kukwaruza na kugongagonga. Picha zote kuanzia hapo zitatoka zimevutika kutoka juu kwenda chini. Hakuna la kufanya ila kufungua na kupakia upya, na futi chache utazipoteza. Sababu za kawaida ni tatu: matundu ya filamu yaliyochanika, filamu ya zamani iliyokauka na kusinyaa, au uchafu kwenye bamba linaloibana filamu dirishani.

Uchafu huo unastahili aya yake. Kila mkanda ukiisha, kabla ya kuweka mwingine, toa bamba, lipulize kwa kipulizio cha mpira, kisha pitisha kijiti cha mbao kwenye kingo za dirisha. Usitumie kisu wala sindano, maana mkwaruzo wa chuma pale utaandikwa kama mstari kwenye kila picha ya maisha yote ya kamera. Punje moja ya mchanga wa Ogaden au ya ufukweni inatosha kuchora mstari mweusi au mweupe kwenye mkanda mzima, na hutaujua mpaka filamu isafishwe. Unywele ukikaa pembezoni mwa dirisha utacheza kwenye skrini kama mende. Mhariri London hakupiga simu kulalamika. Alichukua picha za shirika jingine.

Upande wa kuona na kupima mwanga, Reflex ina hila zake. Nyuma ya lenzi kuna prizimu ya kioo inayogawa mwanga: sehemu kubwa inakwenda kwenye filamu, na kiasi cha robo hivi kinapanda kwenye jicho lako. Faida ni kwamba unaona hata wakati filamu inakwenda, bila kumetameta. Hasara ni mbili. Kwanza, filamu inapata mwanga pungufu. Shata, yaani pazia linalofungua na kufunga mwanga, ina pembe ya nyuzi 133, ambayo kwa picha 24 ni 1/65 ya sekunde, lakini mita ya mwanga uipangie 1/80 ili kufidia kinacholiwa na prizimu. Pili, unaona kupitia tundu lilelile la lenzi unalopigia. Ukifunga mpaka f/16 kwenye jua (namba ya f ikikua, tundu linapungua), kitazamio kinakuwa kama shimo la mgodi. Waliozoea walifungua lenzi yote, wakaweka fokasi, wakahesabu mibano kwa kidole hadi f waliyoitaka, ndipo wakabonyeza.

Kuna jingine linalowakumba wageni: mwanga huingia pia kwa kurudi nyuma kupitia kitazamio. Ukipiga bila jicho kugusa mpira wa kitazamio, kwa mfano umeinua kamera juu ya kichwa au umeiweka juu ya ukuta, ni lazima ufunge kile kiwenzo cha kitazamio. La sivyo picha itakuja na ukungu.

Jua la huku kwetu nalo lina hesabu yake. Tri-X, filamu ya nyeusi na nyeupe iliyotumika sana kwenye habari, ina ASA 200 nje (ASA ni kipimo cha filamu inavyohisi mwanga). Jua la saa sita lingekudai zaidi ya f/22 kwa shata hiyo, na lenzi nyingi za Bolex zinaishia f/22. Ndiyo maana shata inayopunguzika ya Reflex si urembo. Wenzo wake ukiusogeza nusu, mwanga unakatika kwa stopu moja, yaani nusu, na unarudi kwenye f iliyomo kwenye lenzi. Ila watu wanaokimbia na matawi yanayopita wataonekana wakali, wenye kukatikakatika kidogo. Kwa mapigano wengine waliupenda mwonekano huo. Kwa mazishi haufai. Hapo weka kichujio cheusi. Na ukimaliza urudishe wenzo mahali pa wazi. Kosa lililoua mikanda mingi zaidi ya risasi ni wenzo wa shata uliosahaulika umefungwa kabisa: kamera inalia vizuri, futi zinahesabika, na filamu inatoka tupu.

Lenzi hukaa tatu kwenye sahani inayozunguka. Seti ya busara ni Switar za kampuni ya Kern: mm 10 f/1.6, mm 25 f/1.4 na mm 75. Kwa habari za vita mm 10 ndiyo mshahara wako. Ukiiweka f/8 na fokasi mita 1, kila kitu kuanzia nusu mita hivi hadi upeo wa macho kinakuwa wazi, na unaweza kukimbia unapiga bila kugusa pete. Mm 25 kwa f/8 iweke mita 3. Utapata kuanzia kama mita 2. Mm 75 mkononi ni ya mtu aliyelala chini na viwiko vyake ardhini, vinginevyo itatetemeka. Unapozungusha sahani, hakikisha umesikia imekaa mahali pake. Ikisimama nusu, utapata mwezi mweusi upande mmoja wa picha.

Jambo la kuangalia sana ukinunua: lenzi za mm 50 na fupi zaidi ziwe na alama ya RX. Prizimu ile ni kioo kinene, na lenzi ya kawaida ya skrubu ya C haikutengenezwa kupenya kioo. Ukiiweka, picha kwenye f/1.4 hadi f/2.8 inalainika kama imepakwa mafuta, hata ukifokasi vipi. Ukifunga kupita f/5.6 kasoro inapungua sana, kwa hiyo mchana unaweza kudanganyika kuwa lenzi ni nzima. Zaidi ya mm 50 haina shida. Zumu nzito kama Angénieux ya mm 12 hadi 120 ni nzuri kwa macho, lakini uzito wake unaivuta sahani mbele na fokasi inahama. Wanaoipenda zumu watafute modeli ya SBM, isiyo na sahani, inayoshika lenzi kwa mfungo wake imara.

Mbadala wake vitani? Filmo 70 ya Bell & Howell ni ngumu zaidi, springi yake inakwenda muda mrefu zaidi, karibu sekunde 35, na ukiidondosha utailaumu sakafu. Lakini huoni kupitia lenzi, hivyo fokasi ya karibu na fremu ya karibu ni ya kukisia. Arriflex 16 St ya 1952 ina kioo kinachozunguka, hainyang'anyi filamu mwanga hata chembe, na kitazamio chake ni raha tupu. Inataka betri ya volti 8 na waya wake, na waya ndio unaonasa kwenye seng'enge. Halafu zilikuja kamera za CP-16 za miaka ya 1970 zenye sauti kwenye ukanda wa sumaku uliobandikwa pembeni mwa filamu. Sauti ilikaa picha 28 mbele ya picha yake, jambo lililomfanya kila mhariri wa filamu azaliwe na mvi, lakini sasa kiongozi aliweza kusikika akiongea.

Sauti ilileta mtu wa pili. Mpigapicha na fundi sauti walifungamana kwa waya, wakakimbia pamoja na wakafa pamoja. Tarehe 4 Juni 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, fundi sauti John Mathai aliuawa, na Mohamed Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Neil Davis, Mwaustralia aliyekipiga picha kifaru kikiingia kwenye lango la ikulu ya Saigon 30 Aprili 1975, aliuawa Bangkok Septemba 1985 pamoja na fundi sauti wake Bill Latch, na kamera yake ikaendelea kunakili ikiwa imelala chini. Bolex ya springi isingeendelea muda huo wote. Tunalisema hilo kama maelezo ya kiufundi tu.

Kelele ni udhaifu ambao matangazo ya zamani hayakuutaja. Kwenye mtaa wenye risasi hakuna anayeisikia. Kwenye chumba cha mahabusu, usiku kambini, au mbele ya askari kwenye kizuizi ambaye hajaamua kama wewe ni mtu wake, mlio wa cherehani kutoka kwenye begi ni tatizo. Uzito ni zaidi kidogo ya kilo 3 na lenzi tatu. Si mwingi, ila umbo lake ni la tofali na mshiko wa chini ni wa kununua pembeni. Ununue.

Filamu ikishapigwa, kazi ya mpigapicha ilikuwa nusu tu. Mkanda ulirudi kwenye mfuko mweusi, mfuko kwenye kopo, kopo likazungushiwa utepe, na juu yake zikaandikwa namba, aina ya filamu na neno kwamba imepigwa. Pamoja nalo ilikwenda karatasi ya maelezo: mahali, tarehe, mpangilio wa vipande, nani yuko kushoto, nani kulia, risasi zinatoka upande gani. Karatasi mbaya iliua picha nzuri, kwani mhariri asiyejua maiti ni ya upande upi haitumii. Kisha unatafuta rubani au abiria anayeaminika. Filamu za habari nyingi zilikuwa za kupindua, zile zinazotoka maabara tayari zikiwa picha halisi na si negativu, ili zirushwe hewani siku hiyohiyo bila kusubiri nakala. Ndiyo maana kosa la stopu moja halikusameheka: filamu ya kupindua haina pa kukurekebishia.

Anayenunua leo atapata filamu. Kodak bado wanatoa Tri-X 7266, Double-X 7222 na za rangi za Vision3 kwenye vigurudumu vya futi 100. Kwa jua la huku chukua 50D. 500T iache kwa usiku. Maabara nyingi za kusafisha ziko Ulaya na Marekani, hivyo gharama ya posta iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Kwenye uwanja wa ndege omba mikanda ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za eksirei zinazopiga mzigo kwa tabaka zinaharibu filamu ya ASA yoyote ile, hata kwa kupita mara moja. Filamu iliyopigwa isilale kwenye gari lililoegeshwa juani, na kwa wakaao pwani kamera na lenzi zihifadhiwe kwenye sanduku lenye silika ya kufyonza unyevu, kwa sababu kuvu wa Mombasa na Unguja hawachagui chapa.

Ukikutana nayo dukani au kwa muuzaji wa vitu vya zamani, nenda na futi kumi za filamu mbovu ya majaribio. Jaza ufunguo: uzunguke laini bila kugongana, na springi ishike. Weka 24, endesha sekunde 10 kwa saa ya mkononi, kisha soma kihesabio cha picha. Kiwe karibu na 240. Kikiwa 200 au 280, kidhibiti mwendo kinataka fundi, na mafundi wake ni wachache. Usiiendeshe kwa kasi ya 64 bila filamu ndani ili kumfurahisha muuzaji. Toa lenzi, chungulia prizimu kwa tochi: nyufa, madoa, au kingo za gundi iliyoachia. Kuibadilisha ni gharama kubwa kuliko kamera nyingi zinavyouzwa. Jaribu kila nafasi ya sahani. Fungua na ufunge viongozi vya kitanzi mara kumi.

Mwisho tazama ubavuni karibu na lenzi, kuna kijisahani chembamba cha chuma kinachochomekwa kwenye mfereji nyuma ya lenzi, cha kuwekea vichujio vidogo. Wauzaji wengi hukipoteza na kusema hakina kazi. Mfereji ukiwa wazi mwanga unaingia moja kwa moja kwenye filamu. Kisipokuwepo, mwambie akitafute kabla hujatoa hela.